Muuguzi, Muuguzaji na Shahada Iliyokosa Jina

Kuugua ni kuwa mgonjwa. Kuuguza ni kumtunza anayeugua. Mpenda sarufi hapa hana budi kusita. Kiambishi kinachogeuza kuungua kuwa kuunguza, na kupotea kuwa kupoteza, kazi yake ni kusababisha. Kwa hesabu hiyo kuuguza kungekuwa kumtia mtu ugonjwa, na muuguzi angekuwa mchawi. Wazee wa lugha walikataa hesabu hiyo. Walichukua kitenzi cha maradhi, wakakiongezea sauti moja, wakapata maana ya kukaa na mtu katika kuugua kwake mpaka apone au asipone. Magazeti ya Kenya yamekwenda mbali zaidi: huko mtu aliyepata ajali “anauguza majeraha” yeye mwenyewe, kitandani, bila msaada wa mtu.

Nesi ni neno la kuja. Limetoka kwenye Kiingereza, nacho kililipokea kutoka mzizi wa Kilatini wenye maana ya kunyonyesha na kulisha. Kwa hiyo nesi, kwa asili yake ya mbali, ni mnyonyeshaji. Jina lake linaanza na mtoto mzima wa afya. Muuguzi linaanza na mgonjwa. Kwa hoja hiyo tu naona muuguzi lina haki ya kukaa kwenye vyeti na mabango, ingawa wodini nesi halitatoka, wala sioni sababu ya kulifukuza.

Sista nalo lina historia yake ya misheni, na tatizo lake ni moja: halina mwenzake wa kiume. Mwanamume akivaa sare ile ile, wagonjwa humwita daktari bila kumuuliza, naye mara nyingi hanyanyui mdomo kusahihisha.

Sasa tuje kwenye pengo. Marekani kuna njia ya kuingia kwenye uuguzi kupitia chuo cha miaka miwili. Anayehitimu hupewa tuzo ambayo wenyeji wa huko huiita “associate degree”, kisha hufanya mtihani wa NCLEX-RN, na akifaulu husajiliwa kuwa muuguzi kamili na bodi ya uuguzi ya jimbo lake. Ndiyo njia wanayoishika wahamiaji wengi, wakiwamo wasemaji wa Kiswahili kutoka Kenya, Tanzania na Kongo, kwa kuwa ada yake ni nafuu na mshahara haukawii. Lakini anayepiga simu nyumbani kueleza anachosomea hukwama. “Nasomea unesi.” Vizuri, mwanangu, ngazi gani? Hapo ndipo Kiingereza huingia, kwa sababu Kiswahili hakijampa jina.

Mashine za kutafsiri zimempa: “shahada ya washirika”. Hebu lisome kwa sauti. Mlutheri wa Moshi atasikia usharika na kuuliza ni wa mtaa gani. Mwana Kagera atasikia chama cha ushirika cha kahawa, na gawio ambalo halijalipwa. Hakuna atakayesikia hospitali.

Liko pia “shahada shirikishi”, lenye umbo zuri kidogo. Shida ni kwamba shirikishi tumeshaliajiri. Tunasema usimamizi shirikishi wa misitu, mbinu shirikishi za ufundishaji, tukimaanisha kila mtu ana sauti. Shahada shirikishi ingekuwa shahada mnayosoma kwa kukaa duara na kupeana zamu ya kuongea.

Na kuna jambo zito zaidi, ambalo mtu wa pwani hahitaji kuelezwa. Shahada, kabla ya kuwa karatasi ya chuo, ni tamko la kumpwekesha Mungu. Shirika, ushirika na mshiriki ni watoto wa mzizi uliozaa pia shirki, yaani kumfanyia Mungu mshirika, na mshirikina aliye mwana wa tendo hilo. Kuyaunganisha maneno haya mawili ni kuweka tamko la upweke wa Mungu na kanusho lake katika kirai kimoja, kisha kumpa mtoto wa watu akitundike ukutani. Najua maana hubadilika na watu hawasomi vyeti kwa jicho la itikadi. Hata hivyo, mwenye kuunda istilahi ana wajibu wa kusikiliza maneno yakigusana.

Wengine watasema turudi kwenye asili ya neno lenyewe. Kilatini “socius” ni mwenzi, mwandani. Basi tuseme shahada ya uenzi? Hapa tunakuta mtego wa kufurahisha. Mwenye sikio la Kiarabu akisikia uzamili, husikia zamili, yaani mwenzi wa kazi au wa masomo. Uenzi, kwa maneno mengine, tumekwisha kuupeleka juu ya shahada ya kwanza. Tukitafsiri asili kwa uaminifu, tuzo ya miaka miwili itajikuta imelala kitanda kimoja na tuzo ya miaka sita.

“Nusu shahada” nimewahi kulisikia likitamkwa kwa kujidharau. “Shahada ndogo” ni binamu yake. Yote mawili yanapima kwa rula, na kipimo chenyewe si cha kweli: kwenye mlango wa mtihani wa usajili, mwenye miaka miwili na mwenye miaka minne hupewa maswali ya mtihani mmoja, na leseni watakayoipata ni ile ile. Nusu ya nini, basi? “Shahada ya awali” lingependeza, lakini vyuo vikuu vyetu vimeshalikabidhi kwa shahada ya kwanza yenyewe.

Limebaki stashahada. Ndilo jibu la haraka, na mwenye haraka asilaumiwe. Lakini kabla ya kulikubali, litazame pamoja na ndugu zake: shahada, stashahada, astashahada. Je, umeona? Neno likirefuka, elimu inapungua. Mwenye silabi tatu yuko juu, mwenye tano yuko chini. Sikio lililozoea stahili, stahamili, starehe na staajabu hulipokea sta- bila kinyongo, lakini halipati humo fununu yoyote ya ngazi. Mwanafunzi anayeanza chuo hulazimika kukariri mpangilio huu kama jedwali la kuzidisha. Istilahi inayotaka kukaririwa ina deni kwa watumiaji wake.

Sababu kubwa ya kulikataa hapa, hata hivyo, ni ya maana. Stashahada ya Tanzania ni ya uuguzi na ukunga kwa pamoja, na husomwa miaka 3. Hata baraza linalosajili linaitwa Baraza la Uuguzi na Ukunga. Marekani mambo yamegawanyika: aliyetoka chuo cha miaka miwili ni muuguzi, lakini si mkunga, muuguzi anayetaka kuitwa mkunga huko hupanda hadi uzamili. Kuipa tuzo ya huko jina stashahada ni kumkabidhi mhitimu wajawazito ambao leseni yake haimruhusu kuwazalisha. Nasi tuliofundishwa tusitukane wakunga na uzazi ungalipo tunajua kwamba ukunga si kipande cha kutupwa njiani wakati wa kutafsiri. (Samaki aina ya mkunga hahusiki, huyo wingi wake ni mikunga.)

Pendekezo langu ni shahada tangulizi. Kutoka elekeza tulipata bei elekezi; kutoka endelea tukapata maendeleo endelevu; kutoka tangulia tuchukue tangulizi. Neno halisemi nusu, halisemi ndogo, halimfanyi mtu mshirika wa chochote. Linasema mahali: tuzo hii inakuja kabla ya nyingine, na aliyenayo ameshaingia njiani. Mtangulizi kwetu ni mtu wa heshima.

Nimeshapata pingamizi, na ni kali. Kutangulia ni neno la msibani. Tunasema fulani ametangulia mbele ya haki, na hospitali ni mahali ambapo watu hutangulia kila siku. Je, mhitimu ataipenda shahada yenye harufu ya sanda? Nimelipima hilo. Naona kitenzi kina maisha mapana kuliko msiba: tunatangulia sokoni, tunatangulia mezani, dibaji huitwa utangulizi na hakuna aliyeifungua kwa kulia. Mwenye neno bora na alilete; nitalivulia kofia.

Tuzo hii ilipozaliwa, muasisi wake mwenyewe alihangaika na jina. Mwaka 1951 Mildred Montag, katika tasnifu yake ya Teachers College ya Chuo Kikuu cha Columbia, alipendekeza mfanyakazi mpya wa wodini atakayefunzwa miaka miwili, na mwaka 1952 majaribio yakaanza vyuoni. Hakutaka aitwe muuguzi wa kitaalamu. Alimwita, kwa Kiswahili chetu, fundi wa uuguzi. Alikusudia ngazi ya chini, na Wamarekani walilisikia jina hivyo hivyo, kama mtu wa vyombo na mikono, anayepokea maelekezo.

Laiti angezungumza Kiswahili! Fundi kwetu hashushi mtu. Mzizi wake ndio unaozaa funda, fundisha, mafunzo, mwanafunzi na mkufunzi. Fundi ni aliyefunzwa akaiva, kiasi kwamba mchezaji wa mpira anayetuliza mpira kwa unyayo jukwaa zima humwita fundi, na kocha wake hajisikii kupungukiwa. Fundi wa uuguzi kwa Kiswahili angekuwa yule anayepata mshipa wa mtoto mchanga kwa sindano ya kwanza. Jina ambalo huko lilibuniwa kuweka tofauti, hapa lingekuwa sifa.

Huko halikushika. Wahitimu walifanya mtihani wa usajili, wakafaulu, wakaitwa wauguzi kama wengine. Mwaka 1965 chama cha wauguzi cha Marekani kilijaribu tena: kikatamka kwamba muuguzi wa kitaalamu awe na shahada ya kwanza, na mwenye miaka miwili awe muuguzi wa kiufundi. Wodi hazikulisikia tamko hilo. Mgonjwa anayehema kwa shida haulizi miaka. Ila ubishi haujafa: mwishoni mwa 2017 jimbo la New York lilipitisha sheria inayowataka wauguzi wapya wapate shahada ya kwanza ndani ya miaka 10 baada ya kusajiliwa. Kwa mtazamo wa istilahi, sheria hiyo inanisaidia. Imeifanya tuzo ya miaka miwili kuwa tangulizi kwa mujibu wa sheria.

Leseni. Neno fupi, la mkopo, ambalo kila dereva analijua. Lakini mlete Mswahili wa Bukavu na Mswahili wa Tanga mezani pamoja, kisha waulize kuhusu leseni yao ya uuguzi. Mtu wa Tanga atatoa kibali cha baraza. Mtu wa Bukavu, aliyesoma kwa mpango wa zamani wa Kongo, atasema hana lisansi, ana gradua tu, kwa sababu kwake lisansi ni shahada ya chuo kikuu inayofuata baada ya gradua ya miaka 3. Neno moja la Kilatini limepita njia mbili likafika kwa watu wa lugha moja likiwa na maana mbili. Wakikutana Marekani mbele ya fomu ya maombi ya kazi, mmoja wao atajaza kisanduku kisicho chake. Ndiyo maana katika mambo haya napenda tuseme kibali cha uuguzi kwa ile karatasi ya bodi, angalau pale ambapo msomaji anaweza kuwa ametoka ng’ambo ya pili ya Ziwa Tanganyika.

Kusajili na kuandikisha ni pacha wengine wanaosumbua. Mtaani ni kitu kimoja: unasajili laini ya simu, unamwandikisha mtoto shule. Ndani ya fani, kwa urithi wa Kiingereza, muuguzi aliyesajiliwa yuko juu na aliyeandikishwa yuko chini yake. Hakuna chochote katika maneno haya kinachobeba cheo hicho. Sajili lina Uarabu ndani yake na andikisha ni la kwetu; kama hiyo ndiyo sababu ya mmoja kuwa chini, basi tumejitukana wenyewe kimyakimya. Umbo muuguzi msajiliwa, kwa mfano wa mpendwa na mtumwa, ni fupi na lingefaa kubaki. Hilo la pili liachwe lizeeke.

Ngazi ya utumishi ya Tanzania inastahili jicho la peke yake. Mwenye shahada huajiriwa kama Afisa Muuguzi. Mwenye stashahada ni Afisa Muuguzi Msaidizi. Mwenye astashahada ni Muuguzi. Yaani neno zuri kuliko yote, muuguzi tupu, lisilo na kilemba, limepewa aliye chini, na kupanda ngazi ni kuongezewa ofisi. Afisa ni wa meza. Nani alisema kwamba kadiri unavyojua kuuguza ndivyo unavyostahili jina la karani?

Na huyu msaidizi anamsaidia nani? Katika zahanati ya kijijini, saa nane za usiku, mama akiletwa kwa bodaboda na uchungu umeshakaza, mwenye stashahada anaweza kuwa ndiye mtaalamu pekee aliyeko. Hakuna afisa wa kusaidiwa. Msaidizi ni neno linalodai mtu wa pili, na pasipo na mtu wa pili linakuwa uongo wa kiutumishi. Daraja la kwanza, la pili na la tatu yangetosha kuonyesha mshahara, yakamwachia kila mmoja jina lake la kazi.

Marekani nako kuna msaidizi wake, yule anayeanzia chini kabisa: anamwogesha mzee, anambadilisha nguo, anamgeuza kitandani asipate vidonda. Sheria ya nchi nzima inamtaka apate mafunzo yasiyopungua saa 75, na wasemaji wengi wa Kiswahili huanzia hapo huku wakitafuta ada ya chuo. Tafsiri inayozunguka ni “msaidizi wa muuguzi aliyethibitishwa”. Aliyethibitishwa ni nani, msaidizi au muuguzi? Wote ni ngeli moja, upatanisho ni mmoja, na sentensi haitoi siri yake hata ukiibana.

Hapa lugha ina dawa kabatini mwake. Kiswahili hutenda mambo mawili na kitenzi kimoja. Msomi si msomaji. Mjuzi ni wa kusifiwa, mjuaji ni wa kukwepwa. Mpishi ana kazi yake. Mpikaji ni yeyote aliyeshika mwiko leo. Umbo la -i huelekea kwenye fani iliyokomaa, na la -aji kwenye tendo linalotendeka mikononi. Basi kama muuguzi ni mwenye fani, anayetunza mgonjwa bila kuwa na usajili huo ni muuguzaji. Neno hili lingemfaa yule wa saa 75, likamfaa pia binti anayemlisha baba yake uji nyumbani, ambaye hadi leo hatujampa jina lolote zaidi ya “ndugu wa mgonjwa”. Na mtu akisema alianza kama muuguzaji sasa ni muuguzi, mabadiliko ya silabi yenyewe yanasimulia safari.

Katikati yao Wamarekani wana muuguzi mwingine ambaye wafasiri humwita “muuguzi wa vitendo”, kana kwamba wengine ni wauguzi wa maneno. Tulipite hilo.

Nimekosoa mengi, lakini nina pia neno la kusifu: mtarajali. Limetoka kwenye taraji, na Tanzania hulitumia kwa anayefanya kazi chini ya uangalizi baada ya masomo. Kiingereza humtazama mtu huyu kama aliyefungiwa ndani ya hospitali. Kiswahili kimemtazama kama anayetarajiwa. Waliolibuni walistahili chakula cha mchana.

Nimalizie na daraja, kwa sababu hapo lugha imefanya kazi bila kusubiri kamati. Muuguzi mwenye shahada tangulizi akitaka ya kwanza, Marekani humpeleka kwenye masomo wanayoyaita, kwa neno lao, ya daraja lile la kuvukia mto. Mtumishi wa Tanzania akiongezwa cheo tunasema amepanda daraja, na hilo ni la ngazi. Kwao ni maneno mawili yasiyojuana. Kwetu ni moja: unavuka na kupanda kwa pumzi ile ile. Na “degree” yao nayo asili yake ni hatua, kidato, yaani daraja. Kilichobaki ni kuchagua umbo. Masomo ya daraja yanaweza kudhaniwa ya daraja fulani, la pili au la tatu. Tukifuata mafunzo tarajali, yaliyoangusha kiunganishi bila kuumia, tutapata masomo daraja. Mimi naelekea huku kwa pili, ijapokuwa kwenye wingi bado linanikwaruza ulimini: nikiandika “masomo madaraja” nahisi nimejenga barabara.